Slaidi Zilizovuliwa Fremu

Mwenye studio alikishika kipande cha filamu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula cha wageni. Alikiinua kwenye taa, akakunja uso, kisha akakirudisha juu ya kaunta, karibu kabisa na mkono wa aliyekileta. Akauliza fremu yake iko wapi. Mwanamke aliyesimama mbele yake, wa makamo, mwenye kipande cha uzi wa buluu kilichonata begani bila mwenyewe kujua, akajibu kwamba fremu zilitolewa zote.

"Zilitolewa na nani?"

"Mama. Karatasi zake zilikuwa zinaliwa na ukungu. Akazikata akazitupa, filamu zenyewe akaziosha."

"Akaziosha," mwenye studio alirudia.

"Kwa maji. Na sabuni kidogo."

Mwenye studio alimtazama mpiga picha wake aliyekuwa anapanga maua ya plastiki kwa ajili ya maharusi, na mpiga picha akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Baadaye mwenye studio akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mafuta ya taa, kwamba slaidi wanazihamishia kwenye kompyuta, ndiyo, lakini ziwe safi na ziwe na fremu. Hizi zingebidi zisafishwe kwa dawa maalumu na kuwekewa fremu upya moja moja. Bei aliyoitaja kwa slaidi moja ilikuwa sawa na ujira wa kushona shati zima la sare, kola, mfuko na vifungo. Alipomaliza kuitaja alikuwa ameshamgeukia bwana harusi.

Mwanamke alizikusanya filamu zake kwenye leso, akaaga, na hakuna aliyeitikia. Nje ndipo alipouona ule uzi begani, akauondoa kwa hasira kana kwamba ndio uliomponza.

Nyumbani na mtaani kote aliitwa Mdogo, ingawa umri ulikuwa umeshapita arobaini na ingawa hakuwa na mkubwa yeyote wa kumzidi. Walizaliwa pacha. Aliyetangulia kutoka akaitwa Mkubwa, aliyefuata akaitwa Mdogo, na majina yaliyoandikwa kwenye vyeti yakabaki huko huko kwenye vyeti. Mkubwa alifariki kabla hawajaanza shule. Aliyebaki akabaki na jina ambalo kila likitamkwa linamtaja na mwenzake.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameketi pale pale alipomwacha, kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha, uso ameuelekeza mlangoni. Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa ameeleza kwamba ugonjwa huo unakula uoni kuanzia pembeni kuja katikati, kwamba kilicholiwa hakirudi, na kwamba dawa ya matone kazi yake ni kuchelewesha tu. Kwa hiyo mama alikuwa anauona ulimwengu kama anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Ukitaka akuone ilibidi usimame mbele yake, mbali kidogo, utulie.

Zile sehemu za pembeni alizokwisha kuzipoteza hazikubaki tupu. Hilo Mdogo hakumwambia daktari, kwa sababu aliogopa jibu lake.

"Polepole," mama alisema alipomsikia anavua viatu. "Yupo hapo mlangoni. Usimkanyage."

Mdogo alisimama na kiatu mkononi. Alijua hakuna mtu. Hata hivyo alipita akiwa amejibanza upande mmoja wa mlango. Hakupenda kukaa chumba kimoja na huyo asiyekuwepo, na hakupenda kuiona nafsi yake inamwogopa mtoto, tena dada yake.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamesema zinahitaji kazi."

"Ghali?"

"Kidogo."

Mama akasema alilokuwa akilisema tangu siku ya daktari, kwa maneno yale yale. "Mimi nataka nimwone tu kabla hapajafungwa. Sura imenitoka, Mdogo. Naiona nguo, nauona mkono, uso siupati. Sitaki nije nimkute huko nisimjue."

Picha zilikuwa kazi ya baba. Marehemu alikuwa mpiga picha wa idara ya maji. Kazi yake kusafiri na mafundi, kupiga picha visima, mabomba na mitaro, ili wakubwa wakae kwenye ukumbi waone fedha zilivyotumika. Ofisi ilimpa filamu za slaidi, na filamu ikishaanza lazima imalizwe ndipo ipelekwe kusafishwa. Basi baba alikuwa na mtindo wake: picha mbili tatu za mwisho alikuja kuzimalizia nyumbani, kwa wanawe. Zikirudi, ofisi inachukua visima vyake, na zile za watoto, pamoja na visima vilivyotoka vibaya, anaambiwa azitupe. Alizitupa nyumbani kwake. Siku za Jumamosi aliazima projekta ya ofisi, akatundika shuka ukutani, na pacha wakajiona wakubwa kuliko mlango. Mkubwa alipofariki shuka lilirudi kitandani, na baba hakuazima projekta tena hadi anastaafu.

Kwenye slaidi hizo tu ndimo Mkubwa alimobaki. Picha ya karatasi haikuwahi kuwepo.

Kwa mtu mwenye macho mazima, njia rahisi ilikuwepo, nayo mume wa Mdogo alishaijaribu. Yeye ni fundi bomba, mtu wa kutafuta njia ya mkato kwenye kila kitu isipokuwa mabomba. Alibandika filamu kwenye kioo cha dirisha, akaipiga kwa simu, akaikuza kwa vidole na kumsogezea mama mkwe. Mama alitazama kwa adabu, kwa muda mrefu, akasema anaona tope. Akamshukuru sana mkwe wake kwa tope hilo, na fundi bomba akaona aibu akatoka kwenda kutafuta kazi ya kufanya uani.

Jioni hiyo Mdogo alimwambia mumewe kwamba ataitumia akiba ya ovaloki. Ovaloki ni ile mashine ya kupiga kingo za nguo. Bila hiyo Mdogo alikuwa anashona sare kwenye karakana ya watu, na kila alichojaribu kushona mwenyewe nyumbani ilibidi akipeleke kwa mwingine apigiwe kingo kwa malipo. Alikuwa ameidunduliza kwa muda mrefu sana, na mumewe ndiye aliyekuwa anamtania kwamba ovaloki hiyo itafika imeshazeeka njiani.

Safari hii hakutania. "Ovaloki inazaa hela," alisema. "Hiyo ya picha itazaa nini?"

"Haizai kitu."

"Sasa?"

"Mama anapofuka."

Fundi bomba alikung'uta majivu yasiyokuwepo kwenye goti la suruali. Alitaka kusema kwamba aliyekufa amekufa, akauona uso wa mkewe, akalimeza neno hilo. "Basi tafuta ya bei ya kibinadamu," alisema. "Na usikubali bei ya kwanza."

*

Duka la vifaa vya ofisi vilivyotumika lilikuwa la mtu aliyeitwa Waya, mwembamba, mwenye maneno mengi na miwani iliyofungwa kwa gundi. Humo ndani mashine za kunakili zilipandana hadi darini na mtu alipita kwa ubavu. Mdogo alimweleza shida yake akitazama chini, akingoja kuchekwa. Waya hakucheka. Alizitaka filamu, akazinusa, akasema sabuni ya kufulia, na akapotelea nyuma ya rafu.

Alirudi mara tatu, kila mara na mashine. Ya kwanza ilikuwa nzito, nyeusi, ya kunakili filamu peke yake, na Waya aliiweka mezani kwa heshima kama anayeweka mtoto mchanga. Hiyo, alisema, inahesabu hata kope za mtu, na yenyewe inajua kulifuta vumbi. Bei yake ilikuwa ovaloki pamoja na meza yake na kiti chake. Ya pili ilikuwa skana bapa ya kawaida, ila kwenye kifuniko chake ina taa ya kupitisha mwanga kwenye filamu. Bei yake ilivumilika, lakini haifanyi kazi bila kompyuta, na Mdogo kompyuta alizoea kuziona kwenye dirisha la benki. Ya tatu ilikuwa kisanduku cha plastiki kidogo kuliko mkate, chenye kitufe kimoja kikubwa na kioo cha ukubwa wa sanduku la kiberiti. Unaingiza filamu ubavuni, unabonyeza, picha inaingia kwenye kadi, na waya wake unachomekwa kwenye televisheni.

"Hii mimi sikusifii," Waya alisema. "Picha inatoka na chengachenga, na penye mwanga mwingi inapaunguza. Huwezi kutunzia historia ya nchi humu. Ni ya kuonea tu."

"Mimi nataka kuonea tu."

"Televisheni unayo?"

"Ninayo."

Wakaingia kwenye bei. Mdogo alitaja yake, Waya akasema hiyo dada yangu ni bei ya waya wake, na kisanduku utaniachia. Mdogo akasema kisanduku chenyewe kina ufa. Waya akasema ufa ni wa nje. Mdogo akanyanyua mkoba kama anayeondoka, Waya akamwacha afike mlangoni, na alipoona kweli anaondoka akamwita. Ilichukua karibu akiba yote. Iliyobaki isingenunua hata kanyagio la ovaloki.

Kabla ya kulipa aliomba kujaribu. Waya alimwonyesha namna ya kushika filamu kwa kingo, na namna ya kuigeuza kwenye mwanga hadi ujue upande wake: filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na ule unaong'aa ndio unaokuangalia wewe. Ukikosea, alisema, picha inatoka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Akaisukuma ndani, akabonyeza. Kwenye kile kioo kidogo wakatokea wanaume wenye kofia wamesimama ukingoni mwa mtaro, wamenyooka, wanajivunia mtaro wao. Mdogo aliweka kiganja mdomoni. Tangu utotoni hakuwa ameuona mwanga wa picha za baba yake.

*

Jumapili mchana, mumewe alipokuwa kwenye kazi ya watu waliopasukiwa na bomba, Mdogo alifunga mapazia, akakifungua kisanduku mezani, akaweka kando yake kopo ambamo mama alizihifadhi filamu, na kuanza. Mama alilala chumbani. Nyingi zilikuwa pampu. Pampu, mtaro, pampu, kichwa cha ofisa kilichokatwa kwenye paji, pampu. Ukungu ulikuwa umetembea juu ya zote ukiacha mistari kama mizizi.

Kulikuwa na mbili zilizogandana, na kwenye mojawapo, kwa kuitazama dhidi ya mwanga, ilionekana kuna maumbo mawili madogo yamesimama pamoja kwa nguo za aina moja. Hii ndiyo aliyoingoja. Akazishikilia juu ya mvuke wa birika kama alivyoona watu wanafungua bahasha, akazivuta taratibu. Ziliachana. Lakini rangi haikuachana pamoja nazo. Iliteleza yote kama utando wa maziwa yaliyochemka, ikakunjamana kidoleni mwake. Kilichobaki ni plastiki tupu. Mdogo alikaa akakitazama kidole chake. Alijua ni ile sabuni, ni yale maji, na alijua kwamba mama hatakiwi kulijua hilo milele. Akakiosha kidole.

Karibu na mwisho wa kopo ilitoka moja yenye mtoto peke yake. Ukungu ulikuwa umezififisha pande zote mbili sawasawa. Aliigeuza, akaigeuza tena, hakuona upande unaong'aa. Akaiingiza kwa kukisia, akabonyeza, akainua macho kwenye televisheni.

Mkubwa alikuwa anamwangalia.

Pacha hawa walikuwa wa namna ile ambayo mmoja ni kama kivuli cha mwenzake kwenye kioo. Mmoja akitumia mkono wa kulia, mwingine anatumia wa kushoto. Mkubwa alikuwa na doa dogo jeusi chini ya jicho la kulia, Mdogo analo chini ya la kushoto, na kwa doa hilo ndivyo mama alivyowatambua. Baada ya msiba mama alianza mazoea ya kumchana Mdogo nywele mbele ya kioo, na alipomchana hakumwangalia yeye. Aliangalia kwenye kioo, akatabasamu na yule wa mle ndani. Mtoto alilijua hilo. Alikaa kimya achanwe, akijua kwamba upendo wote ule unampita juu ya kichwa. Mpaka siku baba alipokitoa kioo ukutani bila kusema neno akakipeleka anakokujua mwenyewe.

Na sasa huyo hapo, gauni la njano, doa chini ya jicho la kulia, kajaa kwenye kioo cha televisheni, nyuma yake kuna gari, meno yote nje. Mdogo alisukuma kiti nyuma. Aliogopa, halafu akaona kwamba hakuogopa tu, alifurahi. Alifurahi, kwani na yeye pia alikuwa ameusahau uso ule, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Alimwamsha mama, akamshika mkono, akamweka kwenye stuli mbele ya televisheni. Mama alisogeza kichwa huku na huku, akiitafuta picha kwa ule upenyo wake mdogo wa kuonea. Alianza na gauni. Akapanda. Alipoufikia uso aliganda.

"Mkubwa," alisema.

Hakulia. Alimwambia yule mtoto kwamba amechelewa sana, kwamba amemtafuta, kwamba nywele zake nani kazichana vibaya namna hiyo. Mdogo alisimama nyuma ya stuli, machozi yanamtiririka, ameziba mdomo ili asiwaharibie mazungumzo.

*

Fundi bomba alirudi na matope hadi magotini, akakuta nyumba ina giza la mapazia na mama mkwe wake yuko mbele ya televisheni anatabasamu. Alisimama mlangoni akatazama picha. Alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo. Kazi yake ni kuona tone. Akamkonyeza mkewe wakaenda jikoni.

"Mbona gari limeandikwa kinyumenyume?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Gari gani?"

"Hilo nyuma ya mtoto. Maandishi ya idara. Yanasomeka kwa kurudi nyuma."

Mdogo alirudi sebuleni akachungulia. Ni kweli, nyuma ya bega la njano herufi zilikuwa zimegeuka. Alingoja mama aende kujilaza, akaitoa filamu kwenye kisanduku, akaipindua, akaiingiza tena. Maandishi yakanyooka. Doa likahama. Aliyekuwa anacheka kwenye televisheni ni yeye mwenyewe, Mdogo, na jicho lake la kushoto.

Mumewe alimwekea mkono mgongoni. Mkono ulikuwa unanuka kutu. "Usimwambie," alisema. "Ameshamwona. Inatosha."

Mdogo aliirudisha filamu ilivyokuwa, kwa upande wa uongo. Akaenda uani, akaanza kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alikuwa na huzuni, kwa sababu dada yake alikuja na kuondoka ndani ya mchana mmoja. Na alikuwa na wivu, tena wivu mbaya, wa kumwonea maiti. Picha moja ya utoto wake imetoka katika kopo zima, imenunuliwa kwa ovaloki yake, na hata hiyo wamempa Mkubwa.

Nyumba ilitulia siku zilizofuata. Mama hakusema tena kwamba kuna mtu mlangoni. Alikula vizuri, aliomba mapazia yafungwe mchana, akakaa na mtoto wake. Alimwita hadi jirani wa upande wa pili aje amwone. Jirani alitazama, akamtazama na Mdogo aliyekuwa anaweka chai mezani, akasema kwa wema kwamba wamefanana kweli kweli.

"Hapana," mama alisema. "Huyu alikuwa mchangamfu. Huyu wangu wa hapa alikuwa mzito tangu mdogo, hata kucheka kwa kulazimishwa."

Jirani alicheka kidogo, akatafuta pa kuyapeleka macho. Mdogo alimimina chai. Alimimina mpaka ikafurika kwenye kisosi.

*

Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, na karakana ilikuwa imefungwa kwa kukosa umeme upande ule, ndipo mama alipomwita. Alikuwa ameketi kwenye stuli, televisheni inawaka, yule mtoto anacheka.

"Sasa nitafutie yako," mama alisema.

"Yangu ipi?"

"Picha yako. Macho yananiaga, Mdogo. Jana huyu nilikuwa namwona na masikio yake, leo masikio yameondoka. Nitafutie yako nami nikuone."

Mdogo angeweza kusema kwamba haipo, na asingekuwa mwongo sana. Badala yake akaenda kwenye kisanduku, akampa mama mgongo, akaivuta ile ile filamu, akaipindua na kubonyeza.

Mama alianza na gauni, kama kawaida yake. Akapanda taratibu. Alikaa usoni kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwa mwingine.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Na yule pia ni wewe."

Mdogo aligeuka kutoka kwenye kisanduku.

"Gauni la njano nilishona moja," mama alisema. Alikuwa anaongea na televisheni. "Maisha yao yote nilishona mawili mawili. Hilo lilikuwa la kwanza kushona moja, na mkasi uliponifikisha mahali pa kukata la pili nilikaa chini. Nililijua tangu Jumapili, mwanangu, nilipoanza tu na gauni. Lakini nilipofika juu nikamkuta yeye. Nikasema, basi, nitafanya nini, sina pengine pa kumwonea. Nikakaa naye. Nimemaliza. Sasa nakutazama wewe."

Akasogeza stuli mbele, mpaka pua ikakaribia kioo, akarudi nyuma tena.

"Hucheki," alisema. "Watu wanaona meno wanadhani unacheka. Umeuma meno. Nani alikukasirisha siku hiyo?"

Mdogo aliitazama picha. Kwa siku zote hizo alikuwa ameona kicheko, na sasa hakikuwepo. Kulikuwa na mtoto aliyebana taya, macho hayamo kwenye kucheka kule. Akamkumbuka baba amechuchumaa mbele ya lile gari, jicho moja amelifumba.

"Baba aliniambia nicheke," alisema, "ili Mkubwa akirudi kutoka kwa bibi aione picha."

Mama aligeuka. Alimtafuta na ule upenyo wake, akampata.

"Na mimi nilijua harudi," Mdogo aliendelea. Sauti ilimtoka nyembamba, si ya mtu mzima. "Niliona mnagawa nguo zake. Viatu vyake mlimpa mtoto wa fundi seremala. Mtu akienda kwa bibi hagawiwi viatu."

"Tulidhani hujui."

"Nilijua."

"Baba yako alisema, tusimwambie, bado mdogo. Akiuliza tutamwambia." Mama alilivuta pindo la nguo mapajani. "Hukuuliza."

"Nilikuwa nangoja mniambie."

"Mpaka leo?"

"Hamjaniambia mpaka leo."

Na ni kweli. Walihama nyumba, baba alizikwa, Mdogo akaolewa, akazaa, wanawe wakaenda kuanza maisha yao. Katika hayo yote Mkubwa aliitwa marehemu, aliitwa mwenzako, aliitwa yule, na hakuna siku mtu aliyemkalisha Mdogo chini akamwambia. Mama alinyoosha mkono hewani. Mdogo akasogea akapiga magoti mbele ya stuli, pale ambapo mama anaweza kumwona mzima. Mama akamshika uso kwa viganja vyote viwili, kama anavyoshikwa mtoto anayetakiwa kusikiliza vizuri.

"Sikiliza, mwanangu," alisema polepole. "Mkubwa hakwenda kwa bibi. Mkubwa alikuwa na homa. Alfajiri ilipofika alifariki, nikiwa nimempakata, na wewe umelala ubavuni pake, umemshika nguo. Nilifungua vidole vyako kimoja kimoja usiamke. Nikakubeba nikakulaza kitanda kingine. Dada yako amekufa, Mdogo."

Mdogo aliangusha kichwa mapajani mwa mama yake, akalia kwa sauti kama mtu aliyepata habari siku hiyo.